Fasili za sumakuumeme na nyuklia: jinsi ya kuziandika bila kukatwa maksi

Maswali ni yale yale kila muhula. Flaksi na msongamano wa flaksi vinatofautianaje? Ile e.m.f. ni kani au si kani? Kwa nini nimepata maksi moja kati ya mbili wakati nimeandika kama ilivyo kwenye notisi? Nimeona niyajibu yote hapa, kwa ajili yako wa kidato cha tano au cha sita unayesoma fizikia katika tahasusi ya PCM, PCB au PGM.

Ushike jambo moja tangu mwanzo: fasili ya fizikia ni maelekezo ya kupima yaliyofupishwa. Mtu ambaye hajawahi kukutana na kitu hicho akisoma sentensi yako, aweze kukipima. Akishindwa, kuna neno umeliacha, na msahihishaji analitafuta neno hilo hilo.

Najua mtihani utauandika kwa Kiingereza. Hata hivyo, maana ikishakaa kichwani kwa lugha unayoiotea ndoto, Kiingereza kinabaki kuwa kazi ya kubadilisha maneno. Anayekariri Kiingereza bila maana hupoteza neno moja, na sentensi nzima ikaanguka.

Kabla ya kuanza, uwe na:

- Silabasi ya somo lako na mitihani ya nyuma ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), walau mitano.
- Daftari dogo jipya, tofauti na lile la notisi. Ukurasa wa kushoto utaandika fomula na kizio (yuniti), wa kulia fasili.
- Kikokotoo na jedwali la konstanti.
- Mwenzako mmoja mwenye subira, wa kukusikiliza na kukuuliza.
- Uelewa wa vekta, na wa maneno "kasi ya kubadilika". Kama hivi viwili bado vinakusumbua, virudie kwanza. Hatua ya 5 haitapitika bila hivyo.

Hatua ya 1. Livunje neno "nguvu"

Mtaani tunasema umeme una nguvu, sumaku ina nguvu, betri imeisha nguvu. Hata Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ina neno hilo kwenye jina lake, na hapo maana yake ni nishati. Lugha ya kawaida inaruhusu, lakini ukiingia nalo kwenye fasili litakuponza, kwa sababu limebeba vitu vingi vyenye vizio tofauti.

Kani ni msukumo au mvuto, na hupimwa kwa nyutoni. Nishati hupimwa kwa jouli. Pawa ni kasi ya kubadilisha nishati, kwa wati. Ukali wa uga ni kitu kingine tena. Andika haya kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na kuanzia leo usiseme "nguvu" unapojadili fizikia.

Sasa tazama e.m.f. (electromotive force). Herufi yake ya mwisho inasimama badala ya neno la Kiingereza lenye maana ya kani, na wanafunzi wengi wananaswa hapo. E.m.f. si kani. Ni nishati inayobadilishwa kutoka aina nyingine kuwa ya umeme kwa kila kizio cha chaji inayopita kwenye chanzo. Kizio chake ni volti, yaani jouli kwa kulomu. Tofauti ya potenshali nayo ni volti, ila mwelekeo wa nishati umegeuka: hapo nishati ya umeme ndiyo inayobadilika kuwa joto, mwanga au mwendo. Betri inatoa, taa inapokea. Ukiandika fasili hizi mbili bila kuonyesha mwelekeo huo, umeandika kitu kimoja mara mbili.

Hatua ya 2. Anza na fomula, kisha uliza maswali matatu

Usianze na sentensi. Andika fomula, kitu unachokifasili kikae peke yake upande wa kushoto, halafu jiulize:

1. Juu ya mstari wa mgawanyo kuna nini?
2. Chini yake kuna nini? Hapa ndipo yanapozaliwa maneno "kwa kila kizio cha".
3. Hali gani lazima iwepo ili fomula iwe kweli?

Tuchukue ukali wa uga wa umeme, E = F/Q. Juu kuna kani, chini kuna chaji. Hali: chaji iwe chanya, iwe ndogo isiyovuruga uga wenyewe, na iwe imetulia mahali hapo. Fasili inajiandika: ni kani kwa kila kizio cha chaji chanya ndogo iliyowekwa mahali hapo. Neno "chanya" ndilo linaloupa uga mwelekeo. Ukiliacha, hatujui vekta yako inaelekea wapi.

Potenshali ya umeme hufuata njia hiyo hiyo: kazi inayofanyika kwa kila kizio cha chaji chanya katika kuileta kutoka umbali usio na kikomo hadi mahali hapo. Wengi huandika kazi na chaji, wakasahau safari ilianzia wapi. Ni sawa na kumwambia mtu mlima una mita 3,000 bila kusema ni kutoka usawa wa bahari.

Msongamano wa flaksi ya sumaku, B, ndio unaokata watu maksi zaidi, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Fomula ni F = BIL, hivyo B = F/(IL). Juu kuna kani. Chini kuna vitu viwili, mkondo na urefu, basi "kwa kila" itatokea mara mbili. Hali: waya lazima ukatize uga kwa nyuzi 90. Fasili: ni kani inayofanya kazi kwa kila kizio cha mkondo, kwa kila kizio cha urefu, juu ya waya uliowekwa kwa nyuzi 90 na uga.

Ijaribu kwa namba. Waya wa mita 0.05 unaopitisha ampia 2 kwa nyuzi 90 na uga ukipata kani ya nyutoni 0.03, B ni 0.03/(2 × 0.05), sawa na tesla 0.3. Sasa uulaze waya huo huo sambamba na uga: kani inakuwa sifuri, wakati sumaku haijabadilika hata kidogo. Kama hukutaja nyuzi 90, fasili yako inasema uga umetoweka.

*Tahadhari:* Usifasili kitu kwa jina lake. "Uga wa sumaku ni sehemu yenye usumaku" haina maksi. Sema ni eneo ambamo chaji inayotembea, waya wenye mkondo au sumaku nyingine hupata kani ya sumaku.

Hatua ya 3. Chomoa kizio ndani ya fasili

Fasili ya kizio usiikariri peke yake. Chukua fasili ya kitu, kila kiasi ukipe thamani ya moja, basi. Tesla moja ni msongamano wa flaksi unaoupa waya wa mita moja, wenye mkondo wa ampia moja, uliokaa kwa nyuzi 90 na uga, kani ya nyutoni moja. Henri moja ni indaktansi ya koili inayozalisha e.m.f. ya volti moja mkondo wake unapobadilika kwa ampia moja kila sekunde. Faradi, volti na bekereli utazichomoa vivyo hivyo.

Ili uwe na hisia ya ukubwa: uga wa sumaku wa dunia ni takriban tesla 0.00003 hadi 0.00006, na mashine nyingi za MRI hospitalini hufanya kazi kwa tesla 1.5 au 3. Ukipata jibu la tesla 400 kwenye swali la waya wa kawaida, rudi nyuma.

Ampia inataka uangalifu wa pekee. Notisi nyingi za zamani zinaifasili kwa nyaya mbili nyembamba, sambamba, ndefu zisizo na mwisho, zilizoachana kwa mita moja katika ombwe, zinazopitisha mkondo huo na kusukumana au kuvutana kwa kani ya nyutoni 2 × 10⁻⁷ kwa kila mita ya urefu. Tangu tarehe 20 Mei 2019 ampia inafasiliwa kwa kuipa chaji ya elektroni thamani isiyobadilika ya kulomu 1.602176634 × 10⁻¹⁹. Jifunze zote mbili. Ile ya nyaya bado inakupa thamani sahihi ya kani kwa hesabu zako zote, na maswali ya mitihani ya nyuma yamejengwa juu yake. Swali likitaja nyaya sambamba, jibu kwa nyaya.

Hatua ya 4. Tenganisha flaksi tatu

Vitu hivi vitatu vina majina yanayofanana. Vipange ngazi kwa ngazi.

Fikiria mvua inayoshuka wima. Ukali wa mvua katika kila mita ya mraba ndio B. Maji yanayoingia kwenye beseni ndiyo flaksi, Φ. Beseni likikaa sawa linapokea yote, likilala ubavu halipokei kitu, japokuwa mvua ni ile ile. Kwa hiyo flaksi ya sumaku ni zao la eneo na sehemu ya B iliyo kwa nyuzi 90 na eneo hilo: Φ = BA cos θ. Kizio ni weba.

Koili ikiwa na mizunguko N, kila mzunguko unapitiwa na flaksi hiyo hiyo, na jumla yake, NΦ, ndiyo muungano wa flaksi.

*Kosa la kila mwaka:* Pembe θ hupimwa kati ya uga na mstari unaosimama wima juu ya uso wa koili, si kati ya uga na uso wenyewe. Swali likisema "uso wa koili unafanya nyuzi 30 na uga", θ yako ni 60. Chora kila mara, hata kama unajiamini.

Hatua ya 5. Jua sheria ni sheria, fasili ni fasili

Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted aliona sindano ya dira ikicheza karibu na waya wenye mkondo. Mwaka 1831 Michael Faraday akaonyesha upande wa pili: sumaku inayosogea huzalisha umeme. Mwaka 1834 Heinrich Lenz akaeleza mwelekeo wa umeme huo. Sheria zao zinaeleza vitu vinavyohusiana, hazifasili kitu. Ukiulizwa "taja sheria", usitafute "kwa kila". Tafuta "huwiana na".

Sheria ya Faraday: ukubwa wa e.m.f. inayozalishwa huwiana moja kwa moja na kasi ya kubadilika kwa muungano wa flaksi. Maneno "kasi ya" ndiyo roho yake. Koili iliyojaa flaksi nyingi isiyobadilika inatoa volti sifuri. Koili ya mizunguko 200 ambayo flaksi yake inabadilika kwa weba 0.003 ndani ya sekunde 0.1 inatoa 200 × 0.003/0.1, sawa na volti 6, kama dinamo ya baiskeli. Ndiyo maana taa ya baiskeli hufifia unapopanda kilima: sumaku ndani ya dinamo haijapungua, kasi imepungua.

Sheria ya Lenz: mwelekeo wa e.m.f. inayozalishwa ni ule unaopinga mabadiliko yaliyoizaa. Liandike neno "mabadiliko" kwa herufi kubwa. Mwanafunzi anayesema "mkondo hupinga flaksi" amekosea, kwa sababu flaksi ikiwa inapungua, mkondo huo huisaidia isipungue. Ukiweza, dondosha sumaku ndogo kali ndani ya bomba la shaba au aluminiamu. Bomba lenyewe halivutwi na sumaku, lakini sumaku hushuka polepole kama imeshikwa mkono. Ukiulizwa sababu ya msingi, jibu ni kutunzwa kwa nishati: kama mkondo ungesaidia mabadiliko, ungepata umeme bila mtu kufanya kazi.

Thamani ya r.m.s. ya mkondo geu (a.c.) haina haja ya maelezo marefu: ni thamani ya mkondo wa moja kwa moja ambao ungetoa joto kwa kasi ile ile katika ukinzani ule ule. Umeme wa nyumbani wa volti 230 una kilele cha takriban volti 325.

Hatua ya 6. Upande wa nyuklia, anza kwa kuhesabu

Hapa fasili za mwanzo ni za kuhesabu vitu tu. Namba ya atomu ni idadi ya protoni katika kiini. Namba ya tungamo ni idadi ya protoni na nyutroni kwa pamoja. Isotopu ni atomu za elementi moja, yaani zenye idadi sawa ya protoni, zinazotofautiana idadi ya nyutroni. Usiandike "zenye tungamo tofauti" ukaishia hapo, taja nyutroni. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1932, James Chadwick alipogundua nyutroni, ndipo jambo hili likaeleweka vizuri.

Hatua ya 7. Kuoza: sahau embe

Embe huoza kwa sababu limekaa. Linazeeka, na unaona dalili. Kiini cha atomu hakizeeki. Kiini cha urani kilichokuwepo kabla ya dunia na kilichozaliwa sasa hivi vina uwezekano ule ule wa kuoza katika sekunde ijayo. Tunatumia neno moja kwa mambo mawili, na wengi huingia mtihanini na picha ya embe.

Kwa hiyo fasili ya kuoza inataka maneno mawili. Ni kwa nasibu: huwezi kutabiri kiini kipi kitaoza wala lini. Na ni kwa chenyewe: joto, shinikizo au mchanganyiko wa kemikali havikiharakishi wala kukichelewesha. Wanafunzi huyachanganya haya mawili. Yaandike kwa sentensi mbili tofauti.

Kutoka kwenye nasibu hiyo zinakuja tatu nyingine. Konstanti ya kuoza, λ, ni uwezekano wa kiini kimoja kuoza kwa kila kizio cha muda. Aktiviti ni idadi ya viini vinavyooza kwa kila kizio cha muda, A = λN, na bekereli moja ni kiini kimoja kwa sekunde. Nusu uhai ni muda wa wastani unaochukua nusu ya viini vya nyuklidi fulani (yaani aina moja ya kiini), vile ambavyo havijaoza, kuoza. Zinaungana kwa λ = 0.693/T, T ikiwa ni nusu uhai.

Mfano: ayodini-131, inayotumika kutibu tezi ya shingoni, ina nusu uhai wa takriban siku 8. Baada ya siku 8 imebaki nusu, siku 16 robo, siku 24 sehemu moja ya nane. Haiishi siku ya 16. Na λ yake ni karibu 1 × 10⁻⁶ kwa sekunde: kila kiini kina nafasi moja kati ya milioni ya kuoza katika sekunde yoyote.

*Tahadhari:* Usiandike "muda wa sampuli kupoteza nusu ya tungamo lake". Viini vilivyooza havitoweki. Vimegeuka kuwa viini vingine, na vingi bado vipo mezani.

Ukielewa nusu uhai, unaelewa kwa nini fuvu la Zinjanthropus, alilolipata Mary Leakey pale Olduvai mwaka 1959, halikupimwa umri kwa kaboni-14. Nusu uhai wa kaboni-14 ni takriban miaka 5,730. Baada ya nusu uhai 10 imebaki chini ya sehemu moja ya elfu, na fuvu lina takriban miaka milioni 1.75, yaani nusu uhai zaidi ya 300. Hakuna kilichobaki cha kuhesabu. Watafiti walitumia potasiamu-40, yenye nusu uhai wa takriban miaka bilioni 1.25, katika majivu ya volkano yaliyotanda kwenye tabaka lake.

Hatua ya 8. Nishati ya kufunga kiini: isome kama deni

Hili ndilo swali gumu kuliko yote hapa. Fasili inayopata maksi: ni nishati inayohitajika kukitenganisha kiini kabisa kuwa protoni na nyutroni moja moja. Neno "inayohitajika" ndilo la kushika. Wengi huandika "nishati iliyomo ndani ya kiini", na maana inageuka kabisa. Nishati hiyo haimo. Ilikwisha kutoka kiini kilipoundwa. Ni deni ambalo lazima ulilipe ukitaka kukivunja.

Upungufu wa tungamo ni tofauti kati ya jumla ya tungamo za nyuklioni (protoni na nyutroni) zikiwa zimeachana na tungamo la kiini chenyewe. Fanya hesabu hii kwa mkono mara moja, na hutaisahau. Heliamu-4 (u ni kizio cha tungamo la atomu):

- protoni 2: 2 × 1.007276 = 2.014552 u
- nyutroni 2: 2 × 1.008665 = 2.017330 u
- jumla: 4.031882 u
- kiini cha heliamu: 4.001506 u
- upungufu: 0.030376 u

Zidisha kwa 931.5 (MeV kwa kila u), unapata takriban MeV 28.3, au MeV 7.1 kwa kila nyuklioni.

Viini vilivyo karibu na chuma vina deni kubwa zaidi kwa kila nyuklioni, karibu MeV 8.8. Urani iko kwenye 7.6 hivi. Ikipasuka kuwa viini viwili vya ukubwa wa kati, kila nyuklioni inaongeza deni lake kwa karibu MeV 0.9, na nishati hiyo ndiyo inayotoka, takriban MeV 200 kwa kiini kimoja. Viini vyepesi vikiungana navyo hupanda kuelekea kwenye chuma kutoka upande wa pili. Mpasuko na muungano vyote hutoa nishati kwa sababu hiyo moja.

Hatua ya 9. Funika, andika, mpe mwenzako

Funika ukurasa wa kulia. Tazama fomula, andika fasili kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Mpe mwenzako aisome kama mtu asiyejua chochote, aulize "kwa kila nini?" na "katika hali gani?" Fasili tano kwa siku zinatosha. Rudia zilizokushinda kesho yake asubuhi, kabla ya zile mpya.

Ukikwama

*Fomula ninaijua lakini sentensi haiji.* Taja alama moja moja kwa jina kutoka juu kwenda chini, na kila ukivuka mstari wa mgawanyo sema "kwa kila kizio cha".

*Naandika sahihi lakini napata nusu ya maksi.* Karibu kila mara ni hali iliyosahaulika. Pitia: chanya? nyuzi 90? umbali usio na kikomo? viini ambavyo havijaoza? kasi ya kubadilika?

*Kitabu kimoja kinafasili B kwa kani, kingine kwa flaksi katika kila kizio cha eneo.* Zote ni sahihi, mradi eneo liwe kwa nyuzi 90 na uga. Chagua moja uishike. Usichanganye nusu ya hii na nusu ya ile.

*Upungufu wa tungamo unatofautiana kidogo na jibu.* Angalia jedwali lako. Kama limetoa tungamo la atomu badala ya kiini, elektroni zimo ndani. Tumia 1.007825 u ya atomu ya haidrojeni badala ya protoni, na 4.002603 u kwa atomu ya heliamu. Elektroni zitafutana zenyewe, na utarudi kwenye 0.0304 u.

*Aktiviti yangu haifanani na jibu.* Nusu uhai umeuacha kwa siku au miaka. Ubadilishe kuwa sekunde kabla ya kutafuta λ.